Juu ya Kofia ya Kuchomelea Iko na Tundu

Garaji, Kasese
Jumatatu, mwezi wa saba 1968

Kwa Muzee Yonasani, Foromani wetu,

Nawasalimia kwa heshima. Mimi ni Thembo, yule wa Bwera, mwenye kusimama nyuma ya Kilama wakati munaita majina. Naandika kwa sababu nikifika mbele yenu maneno inarudi ndani. Ni juu ya kofia ya kuchomelea vyuma. Muzee, ile kofia itaniharibia macho, na ndoa pia.

1. Kioo yake imevunjika pembeni, upande wa kushoto. Iko tundu ya kuingia kidole. Mwanga ya umeme inapita pale, na ikifika jioni naona kama mutu amenitilia muchanga ndani ya jicho. Dawa ni maziwa ya mama mwenye kunyonyesha, matone mbili. Nimeenda kwa jirani Kenyangi mara ine mwezi huu. Mara ya mwisho bwana yake Badiru alikaa mulangoni, akaniuliza, "Wewe kijana, kwenu hakuna ng'ombe?" Nilisimama tu na jicho yangu.

2. Mulienda ninyi wenyewe dukani kuchagua kioo mupya, mukatuletea namba tano, mukasema rangi yake inapendeza. Inapendeza kweli. Lakini namba tano ni ya gesi. Ya umeme ni kumi na moja, ile ukiangalia jua, jua inabaki ndogo kama kifungo ya shati. Basi tukarudia ile ya tundu.

3. Kofia iko moja, vichwa iko tatu. Kilama, kwa kichwa yake ile, anafungua mukanda ya kofia mpaka mwisho. Nikivaa mimi inashuka mpaka kifua, kama nimefunikwa na sufuria. Akena naye anavutia tumbako ndani.

4. Hii ndiyo kubwa. Mulikubali kunisindikiza Jumamosi Bwera, kwa Muzee Sosthène, kusema mambo ya binti yake Elise, mwenye kuuza mihogo mbele ya geti yetu. Mbuzi iko tayari. Lakini Sosthène anataka kijana aseme mwenyewe, na shangazi zote beko pale wanaangalia. Muzee, maneno yote nimewahi kuambia Elise, nilisema nikiwa ndani ya kofia. Mule giza, hakuna mutu anaona uso, nasema kama padiri. Nikivua, hata jina yangu inanipotea.

Kwa hiyo naomba kofia mupya, ya kufunika mpaka shingo, kioo namba kumi na moja, mukanda ya kipimo ya kichwa yangu. Naomba niende nayo Jumamosi, nikae nayo, nikunywe nayo kwa kuinua kidogo. Muelezee Sosthène kwamba ni sheria ya garaji, mutu ya kuchomelea havui kofia mbele ya bakwe, wazazi ya bibi. Shangazi wakitaka kuona uso, muwaonyeshe picha ya kitambulisho yangu. Pale nilifumba macho, lakini masikio ni yangu. Ikienda vizuri, tutauliza padiri juu ya siku ya kanisa.

Musalimie mama ya nyumbani, batoto, mulinzi wa geti, Akena, na Kilama pamoja na kichwa yake. Badiru nitamusalimia mwenyewe, kwa mbali.

Ni mimi kijana wenu wa kusikia amri,
Thembo

Nilisahau: Kabla sijaleta hii barua, Elise aliiona mukononi akasoma yote. Akasema, "Muongo wewe. Kilama na Akena wanaziba ile tundu na kitambaa. Ni wewe tu unaitoa." Muzee, ni kweli. Naitoa kila siku saa ine, akifika na beseni yake ya mihogo, nimuone pale kwa tundu. Akasema ile jicho anaijua toka mwezi wa tatu, na alikubali nimuoe kwa sababu ya ile jicho, maana sauti ndani ya chuma hakuwa anasikia hata neno moja. Na baba yake akiniona nimevaa sufuria, atabaki na mbuzi na atabaki na binti. Akaniambia niseme jina yangu, hapo hapo, bila kofia. Nilisema. Mara mbili.

Basi kofia mupya mupe Kilama. Ile ya tundu muniachie. Kitambaa nitaweka mwenyewe, saa zote, isipokuwa saa ine.