Vidonge vya Mama Naila

Jumatatu, 12 Agosti 2024

Leo nimegundua jambo. Mke wangu Mwanamkuu, ambaye mtaa wetu mzima wa Sofu unamwita Mama Naila, ana presha tangu Mei. Nesi Ashura wa kliniki alimwandikia kidonge kimoja kila asubuhi, maisha yake yote. Tangu Mei namwona akiweka kidonge mdomoni. Tangu Mei kipimo hakishuki. Wiki iliyopita kilisoma mia na themanini kwa mia na kumi. Nesi akanitazama mimi, kana kwamba ni mimi ninayempandishia.

Asubuhi nimemwagilia mshubiri wake, ule ulio kwenye kopo la rangi dirishani. Udongo una vitone vyeupe. Nikachokoa kwa mkasi wangu wa ushonaji. Vidonge kumi na tisa, vingine vimeshayeyuka nusu.

Sikumwambia kitu. Mume mwenye akili hamkabili mkewe, anamzunguka.

Jumanne, 13 Agosti

Mpango wa kwanza. Nimeamka kabla yake, nikapika uji wa mtama, nikasaga kidonge na kukikoroga humo. Mwanamkuu akautazama uji, akanitazama mimi. Miaka thelathini na moja ya ndoa sijawahi kumpikia uji. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba mpishi huonja kwanza. Nikaonja. Akasema kijiko kimoja si kuonja. Nikamaliza bakuli.

Saa nne kizunguzungu. Nilikuwa nashona suruali ya shule. Nimefunga mifuko yote miwili kwa uzi, imara, na mwenye suruali alikuwa amesimama hapo akisubiri.

Alasiri nimepiga simu kliniki kuuliza kwa niaba ya rafiki. Nesi Ashura akasema rafiki yangu aache kusaga dawa za watu, na aache kumpa mtu dawa bila mwenyewe kujua. Akaongeza: nimsalimie Mama Naila.

Jumatano, 14 Agosti

Mpango wa pili: upole. Nimemkataza kubeba ndoo. Nimemkataza kufua. Mbuzi ya nazi nimeificha. Chumvi yote nimempa jirani Dotto. Akiinuka, nami nainuka. Nauliza kichwa vipi, kifua vipi, umelala vipi. Mchana aliunguza maharage, nikayasifu. Akasukuma sahani, akaenda kukaa uani peke yake, mgongo kwangu.

Nikamfuata na mto wa kuegemea. Hakuupokea.

Jioni ikaletwa chupa kutoka Mzenga kwa dada yake, Sikuzani. Ndani maji ya kahawia yenye vijiti. Hapo nikaelewa kila kitu. Mizizi. Shemeji huyu hajanikubali tangu siku ya harusi, na sasa anamdanganya mke wangu aache dawa za hospitali. Kesho nakwenda Mzenga. Nitammaliza kwa hoja.

Alhamisi, 15 Agosti

Basi hadi Mlandizi, kisha bodaboda. Vumbi hadi kwenye nyusi. Hotuba nimeirudia njia nzima. Dereva akaniuliza kama nagombea uenyekiti wa kijiji.

Sikuzani nilimkuta anapukuchua mahindi. Nikamwamkia shikamoo, kwa kuwa ni mkubwa kwetu. Nikaweka chupa chini na kuanza. Akanisikiliza bila kukatiza. Kisha akaingia ndani, akatoka na kikopo cha vidonge. Vilevile vya mke wangu. Anavimeza mwaka wa sita huu, kila akimaliza sala ya alfajiri.

"Hayo ni maji ya mchaichai na mdalasini, shemeji," akasema. "Ya kusindikizia kidonge. Mwanamkuu aliniambia kinamkwama kooni."

Hotuba yangu ilikuwa bado na sehemu mbili. Nikaziacha.

Nikamweleza habari ya mshubiri. Akaendelea na mahindi. Kisha akasema mama yao alipoanzishiwa dawa za presha, baba yao alimhamishia chumba cha wageni ili apumzike. Kwa mapenzi tu. Hakumtuma tena shambani, hakumwomba ushauri, hakumtania. Mama alikaa chumba kile miaka kumi na minne.

"Mdogo wangu haogopi kidonge," akasema Sikuzani. "Anaogopa kile chumba."

Akanifungia mihogo ya kurudi nayo.

Ijumaa, 16 Agosti

Baada ya chai nikamwambia Mwanamkuu nimeuona mshubiri. Hakukana. Alikuwa anakunja kanga, akaendelea kuikunja.

"Tangu Mei hujanigombeza hata mara moja, Baba Naila," akasema. "Naunguza chakula, unasema kitamu. Unanitazama kama ninayeaga."

Nilitaka kumwambia kwamba siku ile ya kipimo cha kwanza nilishindwa kutunga uzi kwenye sindano. Nilitaka kumwambia nyumba hii bila sauti yake sitaiweza. Badala yake nikasema maharage yale yalikuwa na ladha ya mkaa, na kwamba mlango wa uani anaubamiza tangu mwaka 1993.

Akageuka. Macho yakawaka. Akasema mimi nakoroma kama mashine ya kukoboa, na aliyeniruhusu kugawa chumvi yake ni nani. Tukagombana nusu saa nzima. Sijala utamu kama ule tangu Mei.

Mwishowe nikamwambia sina mpango wa kumlaza mtu chumba chochote. Nataka mtu wa kugombana naye hadi uzeeni, na mtu huyo anahitaji kidonge. Akachukua kimoja, akakimeza kwa mchaichai wa dada yake, akafungua mdomo nione. Nikamshika mkono. Tulikaa hivyo hadi adhana ya Ijumaa.

Jumatatu, 9 Septemba 2024

Kliniki. Mwanamkuu: mia na thelathini na nane kwa themanini na nne. Nesi Ashura akampigia makofi. Mimi nikatazama dirishani, kuna kitu kiliingia jichoni.

Mwanamkuu alipokwenda kuchukua dawa, nesi akasema kiti ki wazi, nami nipime. Mia na sabini na mbili kwa mia na nne. Akarudia. Mia na sabini. Nikamweleza sababu: nimetembea haraka, mkanda umebana, mikono yake baridi. Akaniandikia vidonge na kunipa kadi.

Mwanamkuu nimemwambia nina moyo wa kijana wa miaka ishirini. Kadi na vidonge nimevificha kibandani ninakoshonea, chini ya vitambaa vya kaki. Jioni nimemkuta huko akipanga vitambaa. Hajawahi kunipangia vitambaa. Mke mwema.

Jumatano, 11 Septemba

Mwanamkuu amebadilika. Jana nimekata gauni la mteja likawa fupi, akasema fupi ndiyo inapendeza. Leo nimekanyaga sakafu aliyotoka kuipiga deki, akatabasamu. Cherehani amenibebea mwenyewe hadi nje. Ameniuliza mara tatu kama nimelala vizuri.

Nimefikiri sana, na jibu nimelipata: ni dawa yake. Inalainisha tabia. Kliniki ijayo nitamwomba nesi asiipunguze hata kidogo.

Yangu bado imefungwa. Nitaianza siku nikiumwa.