Wajumbe Saba na Foleni Moja

Taarifa ya habari ilikuwa haijaisha redioni pale kijiweni, na tayari Mwenyekiti alikuwa kasimama. Hakuwa mwenyekiti wa chochote. Walimbandika jina hilo kwa kupenda kufungua na kufunga mazungumzo ya watu.

"Mmesikia? Zahanati yetu ya akina mama imepewa kamati. Wajumbe saba, wazito watupu!"

"Wanawake wangapi?" aliuliza Mama Kahawa huku akimimina.

"Hakuna. Lakini wote wameoa."

Kinyozi alicheka mpaka kahawa ikampalia. "Basi mimi nipeni urubani, maana ndege nimeshaziona!"

"Cheka tu. Wenzako wameshapaka geti rangi na bango liko juu."

"Na daktari?"

"Yuko kwenye mchakato."

"Kwa hiyo mgonjwa atibiwe na bango?"

"Wagonjwa gani?" Mwenyekiti alifoka. "Wake zetu wenyewe hawaendi! Wanaogopa sindano."

"Kweli kabisa," alidakia Fundi Cherehani, macho kwenye pindo la suruali. "Wangu tumbo linamsumbua miezi sasa. Namwambia nenda, ananitazama tu."

Mama Kahawa akatua birika.

"Shemeji, aende saa ngapi? Asubuhi yuko anafulia watu, mchana pale wanafunga. Na mtoto amwachie nani, wewe?"

"Mimi niko kazini."

"Uko kazini, na kahawa yako ni ya tatu. Juzi alikaa hapohapo ulipokaa, kajikunja. Anatoka damu, shemeji, na si ya siku zake. Akaniomba nisikwambie, usije ukakosa raha ya kazi."

Mwenyekiti akakohoa. "Jambo zito hili. Nashauri tulifikishe kwenye kamati..."

"Kaa chini wewe!" Kinyozi akamkata.

Fundi hakusikia tena kitu. Alikuwa akikumbuka jinsi mkewe alivyoanza kumweleza jambo usiku mmoja, naye akamjibu "mh" na pini mdomoni, akaendelea kupima koti.

"Leo yuko wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Leo ameacha ndoo za watu, kaenda. Mtoto yuko kwa dada yangu."

Fundi akaondoka na futi yake shingoni. Alianza kwa kutembea, akajikuta anakimbia, wateja wakimwita wala hageuki.

Foleni ilikuwa imetoka nje ya lile geti jipya. Wanawake walikaa chini, wengine wameegemea ukuta, na mkewe alikuwa karibu na mwisho, mkono mmoja tumboni. Fundi akaja mbio, anahema, jasho linamtiririka.

Mkewe alipomwona, akainuka kwa tabu, akajishika kifua. Wanawake wa jirani wakamsogelea kumdaka, mmoja ameshaanza kulia.

"Mungu wangu!" mkewe akasema. "Nani amekufa?"