Mwizi wa Vituo katika Biro ya Mama Mwanvua

Jumatatu, 4 Septemba 2017

Kituo cha Jumamosi hakipo. Cha Ijumaa nacho hakipo. Kuna mtu ananichezea.

Nieleze vizuri, maana siku moja maandishi haya yatasomwa na watu wenye akili. Biro ya Mama Mwanvua, yaani ofisi ya kuwaandikia na kuwachapishia watu kazi zao, hapa Kalemie, njia ya gare ya treni, ina mashini moja tu, kompyuta ya marehemu mume wake. Ndani yake mna Windows mbili. Ukiiwasha, inakuuliza unataka ipi. Upande mpya ni wa kuandikia. Una programu nzuri na unasahihisha Kifaransa. Upande wa zamani ni wa kuchapishia, kwa sababu imprimante yetu, yaani printa, ni kuukuu na haiusikilizi upande mpya hata kidogo. Kwa hiyo mimi, Télesphore, naandika upande mpya, naweka kazi kwenye flashi, nazima mashini, nawasha upande wa zamani, nachapisha, nazima tena. Kutwa nzima. Wateja wakichoka kusubiri wanavuka barabara kwenda kwa Yassine.

Yassine ni mtoto wa shemeji yake Mama Mwanvua. Ana mashini kadhaa na jenereta. Ana meno mazuri pia, anayaonyesha bila sababu. Mama Mwanvua anataka kwenda kukaa Kigoma kwa binti yake mpaka vita viishe, na anatafuta mtu wa kumwachia ufunguo wa biro. Ni mimi au Yassine. Najua ni mimi. Mama ndiye hajajua bado.

Sasa kituo. Upande mpya una kitu kinaitwa kituo cha kurudisha. Unaiambia mashini ikumbuke ilivyo leo. Ikiharibika kesho, unaiamuru irudi ilivyokuwa, nayo inarudi bila kununa. Kila jioni naunda kituo. Kila asubuhi nachapisha kwanza kazi za watu wenye haraka, halafu nafungua upande mpya, na kituo hakipo. Ni hujuma.

Leo nimemaliza kupiga mashini kazi ya Rosine. Ni mwanafunzi wa Nyunzu, na hii ndiyo kazi yake ya kumaliza masomo: biashara ya mihogo katika soko la Nyunzu. Mapigano yalipofika kwao alikimbia na mwandiko wa mkono wa kazi hiyo ndani ya mfuko wa unga. Lazima aipeleke Jumamosi kabla ya saa sita, imechapishwa, la sivyo mwaka umempotea. Anataka kuisoma kwanza kwenye kioo ndipo nichapishe. Vizuri. Mwandiko wake nimempa Mama Lucie wa mandazi, kama ilivyo desturi. Kazi ikishaingia mashini, karatasi ya mkono inafungia mandazi. Biro zote hapa zinafanya hivyo. Nami napata la kwangu la bure.

Jumanne, 5 Septemba

Asubuhi nimechapisha vyeti vya ubatizo, ndipo nikafungua upande mpya. Kituo hakipo. Nimekaa nikafikiri. Mashini haina miguu. Mtu ameingia.

Nimemuuliza Mama Mwanvua juu ya ufunguo. Amesema analala nao umefungwa kwenye ncha ya kitenge chake. Nikamkumbusha kwamba Yassine ni ndugu. Akaniuliza kama nasema Yassine anaingia ndani ya kitenge chake. Kuna maswali yasiyo na jibu la heshima.

Mpango: unga wa muhogo. Jioni, baada ya kuunda kituo, nimepaka unga mwembamba juu ya vibonye vyote na juu ya kitufe cha kuwashia. Mwizi akigusa, vidole vyake vinabaki pale. Mama Mwanvua amenung'unika kwamba unga ni wa kusonga bukari, si wa upelelezi, na kwamba tangu barabara ya Nyunzu ifungwe hata huo wa bukari hauonekani. Nimemwambia haki nayo inahitaji chakula.

Alasiri risasi zimesikika upande wa milimani. Watu wamefunga maduka. Yassine hakufunga. Anajifanya shujaa. Nadhani hakusikia kwa sababu ya jenereta.

Jumatano, 6 Septemba

Unga uko vilevile. Hakuna alama ya kidole hata kimoja. Nimeupangusa, nimewachapishia watu wa chama cha wavuvi, waliokuwa wamesimama mlangoni tangu asubuhi, halafu nimefungua upande mpya. Kituo hakipo.

Kwa hiyo mwizi ni mjanja kuliko nilivyomdhania. Anakuja na unga wake. Anafuta kituo, anapaka upya, anaondoka. Nimevuka kwenda kumwangalia Yassine mikono. Ni safi mno. Mtu asiye na hatia huwa na vumbi kidogo.

Hasara ndogo: unga umeingia chini ya vibonye na herufi e haishuki. Askari mmoja alitaka kuomba ruhusa ya kwenda kuona watoto wake huko Ankoro. Barua imetoka bila e hata moja. Amesema atarudi kuniona. Nimemwambia karibu.

Mchana, mpango wa pili. Mfanyabiashara wa boti ya Kigoma ameniachia diski ya kuongeza mbio za mashini. Nimewaza: mashini ikikimbia, Mama ataona, ufunguo utajileta wenyewe. Nimeiweka diski. Mashini imeomba ijizime na kujiwasha. Nimeiruhusu. Kioo kimekuwa cheusi, maneno meupe, basi. Upande mpya haufunguki tena.

Sikuogopa. Vituo viliumbwa kwa siku kama hizi. Nimeingia mahali pa matengenezo, nimeomba kituo, nayo ikajibu kwamba hakuna kituo chochote. Kitakuwepoje wakati Yassine amevifuta vyote? Ndipo nikakumbuka kwamba kazi ya Rosine imo upande huo, na haimo mahali pengine. Kwenye flashi haimo. Flashi naifuta kila mara, kwa usafi.

Nimetoka kununua mandazi ili nitulie. Karatasi iliyofungia ilikuwa na mwandiko wa Rosine: Swali la tatu, mihogo yako unaiuza kwa nani. Nimekula, lakini si kwa furaha.

Alhamisi, 7 Septemba

Rosine amekuja mapema kusoma kazi yake. Nimemwambia mashini inapumzika. Akaniuliza, Papa Télesphore, mashini nayo inachoka? Nimesema vita vinachosha kila kitu. Akakubali, akaketi. Kisha akaomba mwandiko wake, ausome wakati anasubiri.

Nimekwenda kwa Mama Lucie. Alikuwa amebakiza kurasa chache chini ya beseni, mafuta yamezipenya. Amesifu karatasi ya Rosine, kwamba ni nzito na haipasuki. Kurasa nyingine zimeshaondoka na mandazi yake, ziko bandarini, ziko sokoni, ziko kambini kwa askari.

Nimemrudishia Rosine zile zilizobaki na nimemweleza yote, isipokuwa diski. Hakulia. Amezinyoosha juu ya magoti. Amesema wale wauza mihogo aliowauliza maswali hawako tena Nyunzu. Soko limechomwa. Kuna mama mmoja, Mama Hortense, aliyemjibu maswali yote huku akimenya mihogo na kumcheka kwa kuandika polepole. Huyo hajulikani aliko mpaka leo. Rosine amesema hata akipewa mwaka mwingine, atamuuliza nani? Amesema hivyo kwa sauti ya kawaida tu, sauti ya kuagiza chumvi.

Nimeona aibu. Imenikaa kifuani mpaka saa nane hivi. Halafu nimepata mpango.

Kesho nitaifuta mashini yote na kuiweka upya. Mtu akizimia unammwagia maji, anaamka, anakumbuka jina lake na la mama yake. Mashini ni vilevile. Yule wa boti ana diski ya kufuta. Nimeichukua.

Ijumaa, 8 Septemba

Lakini kwanza mkosaji aaibike. Baada ya swala ya Ijumaa nimemngoja Yassine mbele ya biro yake. Mama Mwanvua alikuwa pamoja naye. Vizuri, shahidi. Nimemshtaki mbele ya watu: vituo, unga, mikono safi.

Hakukasirika. Ndiyo roho yake mbaya ilivyo. Ameniuliza, mukubwa Télé, unachapishia upande gani? Nimemwambia wa zamani, kama kila mtu mwenye imprimante ya marehemu. Akasema njo ile, ndiyo sababu. Upande wa zamani hauvifahamu vituo vya upande mpya; ukiwashwa tu unaviona takataka, unavifagia. Kila ukichapisha, mukubwa, unavifuta wewe mwenyewe. Akasema jambo hili linajulikana, hata kwake liliwahi kutokea. Mama Mwanvua amekaza fundo la ufunguo kwenye kitenge chake. Nimeuliza, na unga je? Yassine akasema, unga gani? Hapo nimejua anaficha kitu.

Nimerudi biro na diski ya kufuta mkononi. Rosine alikuwa amekaa mbele ya mashini, upande wa zamani umewashwa. Nimemwomba anipishe, nataka kufuta ili mashini ipate fahamu. Ameuliza kufuta nini. Nimesema kila kitu. Akanishika mkono. Ana nguvu kuliko anavyoonekana, nina alama.

Akanielekeza kwenye kioo. Alikuwa amechoka kukaa bure, akaanza kufungua kila kilichomo. Palikuwa na kijipicha cha diski ya pili, ambacho nimekiona kila siku bila kukigusa, maana si changu. Ndani yake mlikuwa na upande mpya mzima. Na ndani ya upande mpya, kazi yake. Yote, tangu jalada hadi jedwali za bei, na majibu ya Mama Hortense. Nimemuuliza ameingiaje humo. Amesema amebonyeza mara mbili.

Miaka hii yote nabeba kazi za watu kwa flashi kutoka upande mmoja kwenda mwingine, ninazima na kuwasha, na kumbe hapakuwa na ukuta. Hakuna aliyenieleza. Rosine ameinamisha kichwa mezani, na hapo ndipo amelia, unga ukamganda kwenye paji la uso. Mimi nimefurahi kweli. Nimemwambia asinishukuru, ni kazi yetu. Hakuwa amenishukuru.

Jumamosi, 9 Septemba

Rosine ameipeleka kazi yake kabla ya saa sita. Amechapishia kwa Yassine. Ni uchungu wa jana tu, utapita.

Alipita hapa kumwonyesha Mama Mwanvua nakala moja. Nimesoma ukurasa wa shukrani nikiwa nimesimama nyuma yao. Anamshukuru Mama Mwanvua. Anamshukuru Yassine. Anawashukuru wauza mihogo wa soko la Nyunzu popote walipo, na hasa Mama Hortense, aliyemwambia aandike haraka. Mimi simo. Nadhani ukurasa ulimjaa. Chini palikuwa na nafasi, lakini nafasi nayo ni ya uzuri.

Mama Mwanvua ameufungua ufunguo kwenye kitenge. Nimesimama wima, nimefunga kifungo cha shati. Amempa Rosine. Amesema mutoto huyu anaangalia kitu kabla ya kukifuta, na yeye Mama anataka kulala Kigoma bila kuota biro yake. Yassine amepiga makofi. Nimepiga na mimi, nyuma yake kidogo. Moyo umeniuma, sitaandika uongo hapa.

Rosine amesema nitabaki kwenye kazi. Sharti: nisiguse diski yoyote, na mwandiko wa mteja urudi mkononi mwa mteja. Nimekubali. Ni kijana, sharti litazeeka. Jioni Yassine amekuja kuutengeneza upande mpya, umefunguka. Amenionyesha meno.

Jumatatu, 11 Septemba

Nimefikiri Jumapili nzima, hata kanisani. Maneno ya Yassine hayana maana. Mashini haiwezi kujiibia yenyewe. Mtu akikuambia wewe ndiye mwizi wako, huyo chunguza mifuko yake.

Kosa langu lilikuwa moja: kituo kimoja ni kidogo. Mwizi anakifuta kwa pumzi moja.

Rosine amekwenda kwenye hema za wakimbizi, kuuliza waliofika jana kama kuna aliyemwona Mama Hortense. Ameniachia biro. Mwalimu mmoja aliyetoka Pepa ameleta historia ya ukoo wake, babu zake na ng'ombe wao, aliyoiandika kwa mkono miaka mingi. Ameniuliza kama kazi itakuwa salama kwetu. Nimemwambia hajui amefika kwa nani.

Mbele ya macho yake nimeunda kituo, halafu kingine, halafu kingine, mpaka mashini ikaanza kuguna. Amevutiwa, nimemwona. Kisha nimezima, nimewasha upande wa zamani, nimechapisha tangazo la herufi kubwa: HAPA KAZI ZENU ZINALINDWA. Limetoka vizuri. Nimelibandika mlangoni, mahali ambapo Yassine atalisoma kila akitoka nje.