Emmett Garrity na Jaribio la Kuaminiana

Emmett Garrity alijiunga na sayansi siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mfuko wa koti la mtu mwingine.

Koti lilikuwa la Tobias Wren, mwanafunzi wa uzamili wa saikolojia, na mkahawa ulikuwa hatua chache kutoka lango la chuo, pale Cambridge ya Massachusetts. Huo ni mji ambao ukimkanyaga mtu mguu, kwanza atataka kujua ulikuwa na nia gani. Tobias aliudaka ule mkono akaubana.

"Wewe! Unatafuta nini humu?"

Emmett alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili na alishafungwa mara mbili. Hakimu wa mara ya mwisho alimwambia waziwazi kwamba wakikutana tena, atazeekea ndani. Ulimi wake, ambao siku zote ulikuwa mwepesi kuliko miguu yake, ukaamua kujitetea.

"Hongera," alisema. "Jaribio limekwisha. Umenishika ndani ya sekunde mbili. Wengi hawagutuki kabisa."

Mkono ukaachiwa. Tobias akavuta kiti karibu, uso umemchangamka.

"Nilijua! Yaani nilijua tu! Mwizi gani anakaa mkao ule? Mnapima nini, umakini?"

"Siruhusiwi kusema."

"Sawa, kaka, naelewa kabisa. Ila jina langu halitatokea kokote, siyo?"

"Halitatokea popote," Emmett akamhakikishia, na hapo alikuwa anasema kweli tupu.

Tobias akamnunulia kahawa na keki.

Lazima msomaji awaonee huruma watu wa mji ule. Kwa miaka mingi maprofesa wamekuwa wakiwadanganya kwa manufaa ya elimu. Mtu anaitwa kupimwa macho, kumbe anapimwa huruma. Anaambiwa ajaze maswali chumbani, kumbe wanataka kujua kama atatoka moshi ukiingia chini ya mlango. Mwishoni huja binti mpole mwenye karatasi, anaomba radhi, anaeleza ukweli, anatoa kadi ya kahawa. Wamefanyiwa hivyo mara nyingi mno, hata hawaamini tena kwamba yupo mtu duniani anayeweza kuwadanganya kwa faida yake mwenyewe. Kila wanachokiona wanajua sicho kinachopimwa, na kila mmoja anadhani ni yeye peke yake aliyeng'amua.

Emmett alilielewa hilo kabla keki haijaisha. Jioni ile alikwenda maktaba ya mtaa, akachapisha fomu. Juu kabisa aliandika JARIBIO LA KUAMINIANA. Masharti yalikuwa mepesi: mshiriki anamkabidhi mtafiti kitu anachokipenda, mtafiti anaondoka nacho, mshiriki anasubiri. Atakayeulizia kabla ya kuitwa atakuwa ameharibu utafiti. Sahihi hapa, tarehe pale.

Kwa lugha ya mtaani, huo ni wizi. Lakini mtaani hakuna fomu.

Daktari mmoja wa ubongo alivua saa ya dhahabu ya marehemu baba yake huku akicheka kichinichini. "Saa siyo hoja, eti? Mnaangalia mboni za macho yangu."

"Siruhusiwi kusema, Dokta."

"Ha! Mboni! Nimekupata, bwana!"

Maneno hayo mawili, siruhusiwi kusema, yalimlisha Emmett majira yote ya baridi. Kila alipoyatamka, mteja alijiona mjanja zaidi na kuongeza kitu kingine juu yake. Kufikia Machi alikuwa na stoo ya kukodi ng'ambo ya mto, imejaa saa, kamera, kompyuta, baiskeli za bei mbaya na picha mbili za mchoraji ambaye Emmett hakumjua ila mnunuzi wake wa mali za wizi alimjua. Mnunuzi angekuja Jumamosi na gari lake. Baada ya hapo Emmett angekwenda Florida, ambako hakuna barafu wala hakimu aliyemzoea, na asingerudi tena.

Kilikuwa kimebaki kitu kimoja tu cha kufungia kazi, nacho kilikuwa cha Profesa Winthrop Sayles wa falsafa.

Mzee huyu wa miaka sabini na minane alitumia arobaini kati ya hiyo kuthibitisha kwamba mtu hawezi kujua kwa hakika kilichomo akilini mwa mwenzake. Kwa hiyo hakujaribu. Ofisini kwake palikuwa na chelo, ile fidla kubwa ya kupigwa mtu akiwa amekaa, iliyochongwa Italia miaka mia mbili iliyopita. Aliipiga vibaya kila siku baada ya chakula cha mchana, na jirani zake wa saikolojia walishazoea kufunga milango saa saba na nusu.

"Hebu nikuulize, kijana," alisema Profesa, kalamu ikiwa juu ya fomu. "Utajuaje kama nimekuamini? Labda najifanya tu."

"Siruhusiwi kusema, Profesa."

"Jibu safi kabisa! Natamani wanafunzi wangu wangekuwa hivyo." Akatia sahihi. Kisha akashika upande mmoja wa sanduku la chelo, Emmett upande wa pili, wakashuka nayo ngazi. "Taratibu hapo kwenye mlango. Usiigonge shingo."

Alhamisi Emmett alikuwa mkahawani akihesabu siku, mwanamke wa makamo alipokuja kukaa mbele yake bila kukaribishwa. Nywele zilikuwa za mvi, viatu vya chini, kitambulisho kinaning'inia shingoni kimegeuka nyuma mbele, na mkononi alikuwa na ubao wa kuandikia.

"Bwana Garrity, pole na kazi. Mimi ni Dokta Medeiros. Tumefunga jaribio."

Emmett akacheka. Yule mama hakucheka.

"Jaribio gani, mama?"

"Lako wewe. Mwanangu, ulidhani kweli? Watu thelathini na saba, wenye shahada zao, wampe mpita njia mali zao kwa karatasi iliyochapwa maktaba ya mtaa? Wale ni watu wetu. Wote."

"Hata Tobias?"

"Tobias ndiye wa kwanza kabisa. Ulishaona wapi mtu anamshika mwizi, halafu anamnunulia keki?"

Emmett akaiwaza ile keki. Kweli, tangu mwanzo mambo yalikuwa mepesi mno. Alikuwa ameona ajabu hiyo kila siku, akaihesabu kuwa kipaji chake.

"Polisi je?" aliuliza taratibu.

"Polisi wa nini? Mshiriki wa utafiti hadhuriwi, ndiyo sheria yetu. Unarudisha vifaa vyetu, unatia sahihi, unakwenda zako. Ila ukikataa, basi wewe siyo mshiriki tena. Wewe ni mwizi, na watu thelathini na saba wanaijua sura yako."

Emmett aliona lango la gereza likifunguka, na hakimu yule yule amekaa juu. Akasema atarudisha. Hapo angeweza kunyamaza. Lakini yupo mtu anayeweza kuambiwa kwamba amechunguzwa miezi mitatu, asiulize?

"Sasa, Dokta… kwangu mlikuwa mnapima nini?"

Mama akatazama huku na huku, akainama. "Hairuhusiwi, lakini basi. Ripoti iko tayari Jumatatu, njoo uchukue nakala idarani. Kurasa themanini. Akili yako imetutoa jasho, nisikufiche. Wenzangu wanasema hawajapata kuona kama hiyo."

"Kurasa themanini," alisema Emmett.

"Bila kuhesabu picha."

Maishani mwake hakuna aliyewahi kuandika habari zake isipokuwa polisi, nao hawakuvuka ukurasa mmoja. Masikio yalimwiva kwa haya na furaha. Alasiri ile ile alimfungulia stoo, akapakia gari la mama kwa mikono yake mwenyewe, akakunja koti lake na kuliweka chini ya chelo isigongwe njiani. Alitia sahihi penye alama. Mama akampa kadi ya kahawa, akamshukuru kwa mchango wake, akaondoka.

Ijumaa alimpigia mnunuzi kumwambia biashara imekufa. Alitukanwa, lakini hakujali sana. Jumatatu alinyoa, akafunga tai, akapanda ghorofa ya tatu mpaka idara ya saikolojia, ambako kijana wa mapokezi alikuwa akila ndizi.

"Dokta Medeiros? Hapa hatuna mtu wa jina hilo."

"Mama wa makamo. Mvi. Anavaa viatu vya chini."

"Aa, Bi Lurdes! Lurdes Medeiros!" Kijana akaweka ndizi chini. "Si Dokta yule, alikuwa anatusafishia. Miaka kumi na tisa anamwaga mapipa ya humu na ya falsafa hapo jirani. Kastaafu Ijumaa, tukamkatia keki. Jana kapanda ndege, karudi kwao visiwa vya Azori, huko Ureno. Mizigo yake kaitanguliza kwa meli, kontena zima, mama wa watu! Tukashangaa ana vitu vyote hivyo."

Emmett akatafuta benchi la ukutani, akakaa. Kila mshiriki alikuwa amepewa nakala ya fomu, jina la mtafiti likiwa chini, na msomi akishatia sahihi hutupa nakala. Na kisa cha keki Tobias alikuwa amekisimulia idara nzima. Miaka kumi na tisa mwanamke yule alikuwa amesoma kila walichotupa: kudanganya washiriki kunavyopangwa, sauti ya kutumia, na kwamba kila mtu ana hamu ya kuambiwa habari zake. Hakuna aliyehitimu pale kama yeye.

Na amshitaki wapi? Ili aseme ameibiwa, ingebidi aseme nini kimeibiwa. Kuikosa Florida kuliuma. Chelo iliuma. Lakini kilichomchoma zaidi, na aliona aibu kukiri hata moyoni, ni zile kurasa themanini. Hakuna aliyeandika hata mstari mmoja.

"Mtafiti wangu!"

Profesa Sayles alikuwa amesimama mbele yake na kikombe cha chai. Kabla Emmett hajanyanyuka, mzee ameshakaa naye bega kwa bega.

"Sikuja kuulizia chelo," alisema haraka. "Nisije nikaharibu utafiti wenu. Nilikuwa napita tu. Napita kila siku. Inaendelea vizuri?"

"Vizuri, Profesa."

"Nitaitwa lini?"

"Karibuni," alisema Emmett, na sauti ikamkatika katikati ya neno.

Mzee akamgeukia, akamtazama kwa makini, pengine kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini kumtazama mtu namna ile. "Kijana, unalia?"

"Hapana."

"Machozi hayo!"

Akatoa leso mfukoni, nyeupe, imepigwa pasi, akainyoosha. Halafu mkono ukasita hewani. Akainua macho kwenye pembe za dari, moja baada ya nyingine, kama anayetafuta kamera iliyofichwa, akatabasamu kama aliyeng'amua jambo, akaikunja leso na kuirudisha mfukoni.

"Ningekupa," alimnong'oneza, "lakini nadhani wanapima na hilo."