Kibanda cha Usingizi Mto Momba

Jumatatu, 2 Septemba 2024
Mwanangu Goodness anaota magego. Anayekesha ni mimi. Baba yake, Fanuel, analala kama gunia la mahindi. Leo nimeenda kufua mto Momba, nikaona magogo yaliyoletwa na mafuriko ya masika. Yamelundikana juu ya mawe, makavu, hayana mwenyewe. Wazo! Nijenge kibanda. Mama mkwe akae na mtoto, mimi niseme nafua, kumbe nalala. Saa moja tu. Sitaki kingine duniani.

Jumanne, 3 Septemba
Ukuta umeanguka mara tatu. Niliweka mawe madogo chini. Kwa nini? Sijui. Mara ya nne nimeanza na makubwa, nikalaza magogo juu, nikaezeka nyasi. Akapita Ngolo, mfugaji wa ng'ambo, na ng'ombe wake. Kaegemea fimbo, akaniuliza najenga nini. Nikasema zizi la mbuzi. Akasema, lakini Mama Goodness, wewe huna mbuzi. Nikamwambia wako njiani. Akageuka kuitazama njia. Mpaka anaondoka bado alikuwa anaitazama.

Alhamisi, 5 Septemba
Nimelala! Labda dakika ishirini. Nimeamshwa na pambio. Nje wamepiga magoti jirani yangu Nesta na akina mama watatu wa maombi. Nesta huyu, akikupa chumvi lazima aitolee ushuhuda kanisani. Akasema wameona miguu imetokeza kwenye mawe, haitikisiki, wakajua mtumishi yuko rohoni. Nikapima haraka: mvivu au mtumishi? Nikasema niko kwenye mfungo. Wa siku tatu. Kwa nini tatu? Hakuna aliyeniuliza idadi!
Nafika nyumbani, habari imeshatangulia. Mama mkwe kanikumbatia, kanibariki, kaniondolea sahani. Ulikuwa ugali na samaki.

Ijumaa, 6 Septemba
Foleni. Kwenye kibanda changu! Ngolo naye kaja, ndama wake kapotea, anataka aombewe. Nikamkumbusha kwamba hili ni zizi la mbuzi. Akaniambia kwa upole kuwa sasa ameelewa, mbuzi ni sisi wenye dhambi. Nikafumba macho nimwombee. Nikasinzia nimesimama. Niliposhtuka analia, anasema hajawahi kusikia ukimya mzito namna ile.
Jioni ndama karudi mwenyewe, kama ndama wanavyorudi siku zote. Nimejaribu kuwaeleza. Wakasema, tazameni unyenyekevu wake. Njaa inauma.

Jumapili, 8 Septemba
Nesta katoa ushuhuda, nusu saa nzima. Kibanda sasa kina msalaba, ukuta mpya na ratiba. Mwenyekiti ni yeye. Mawe aliyabeba nani? Nikasimama mbele za watu, nikasema kwa adabu lakini bila kuyumba: dada Nesta, kile nimekijenga mimi, nami nahitaji saa moja pale, peke yangu. Vigelegele! Nesta akasema saa hiyo nimepewa. Jumatano, saa kumi na moja alfajiri. Niongoze maombi. Sikuelewa nilikosea wapi katika kusema. Mama mkwe kashauri niende na Goodness, apate upako mapema.
Nimerudi naye mgongoni. Kalala njiani, mate yake yananitiririka shingoni. Nampenda mwanangu. Nimemwonea wivu pia.

Jumatatu, 9 Septemba
Nimetafakari, na kosa nimeliona. Mtoni ni njia ya watu! Nilikuwa na akili gani? Leo nimeanza kupandisha mawe kule juu kilimani, na gogo moja la mtoni, nimelikokota kwa kanga. Mahali pametulia ajabu. Huko haendi mtu yeyote ila wale wa kufunga na kuomba, na wao muda wote wamefumba macho. Hawataniona.