Kifungu cha Saba na Tunda la Juu ya Kabati

Kr, kr, kr. Kabla hakujapambazuka, mume wangu Tihomir alikuwa akikwangua tufaha kwa kijiko. Meno yalimwisha mwaka juzi, na mitufaha yetu aliipanda mwenyewe. Ilikuwa siku kubwa: Halmashauri ya mji wetu ilikuwa imetangaza, kwa tangazo lenye mihuri mitatu, kwamba kila mstaafu atapewa mashine ya kukamua juisi, mradi ithibitike kwamba juisi inamfaa.

Ni utaratibu mzuri. Bila utaratibu watu wangekunywa tu.

Saa tatu akafika Bwana Gvozden, Mkurugenzi wa Idara ya Juisi za Nyumbani, na karani wake Senka, aliyeipakata mashine kama mtoto mchanga. Mkurugenzi alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Hilo nililiona. Nikawapa kwanza kijiko cha jamu na maji, maana mgeni haulizi maswali mdomo mkavu.

"Bibi, mashine ni za aina mbili," akasema. "Ya kasi inamaliza upesi, ila inanguruma. Ya polepole ni kimya, ila ukate vipande vidogo. Unataka ipi?"

"Ya polepole, mwanangu. Tuna haraka ya nini?"

"Umechagua vyema. Ndiyo pekee tuliyo nayo."

Senka akauliza kwa upole, "Na chujio ataliosha nani, bibi? Wengi hushindwa hapo, mashine ikaishia stoo."

"Mimi. Miaka arobaini na tisa namwoshea vyombo."

Akaandika: Chujio lina mwenyewe.

Kikabaki Kifungu cha Saba. Anayeweza kutafuna hapewi mashine, kwa kuwa tunda zima lina faida kuliko juisi yake. Hapo Halmashauri ilisema kweli. Kwa hiyo mwombaji sharti ashindwe kung'ata tunda gumu mbele ya Mkurugenzi.

Tihomir akapanua kinywa. "Chungulia, kijana. Ukiona jino, chukua."

"Kinywa si ushahidi, mzee. Tunda."

Nikaleta tufaha. Akalibonyeza. "Hili laini." Macho yake yakapanda juu ya kabati la nguo, ninapopanga madunja, yale matunda ya harufu nzuri, kila majira ya baridi. "Lile la manjano."

"Dunja lile ni la kunukiza nguo, mwanangu. Gumu kama jiwe. Hupikwa."

"Tunda ni tunda."

Nikalishusha. Tihomir akalilamba, akalirudisha. "Nimeshindwa."

"Hujajitahidi! Mtu hung'ata hivi..."

Kah!

Jino la mbele la Mkurugenzi likabaki kwenye dunja, limesimama wima.

Senka akachukua fomu mpya. "Mwombaji Gvozden ameshindwa mbele ya Mkurugenzi Gvozden. Juisi inakufaa, bosi. Ila mashine hupati. Hujastaafu."

Mkurugenzi akaitazama mashine, akamtazama mume wangu.

"Mgongee mzee muhuri," akasema, maneno yakivuja upepo. "Kisha mnipe glasi."

Nikakata matufaha vipande vidogo. Senka alikunja mikono ya blauzi, akaliosha chujio kabla sijainuka. Tihomir alikunywa taratibu, akafumba macho. "Mti wa nyuma ya zizi," akasema.

Mlangoni alimsogezea Mkurugenzi viatu vyake.

"Uje tena kesho, kijana. Mti wa kisimani hujauonja."

Mkurugenzi akatupa jicho juu ya kabati.

"Njoo tu," akasema Tihomir. "Lile tutalipika."