Nyumba Yangu Kwenye Ramani ya Mahindi

Jumatatu, 5 Septemba 1994

Nimeshtuka mpaka chai imepoa. Mradi umepanda mlimani kwetu, na haukuja na tingatinga! Miaka ya sabini walikuja na tingatinga, tukajua adui ni nani. Leo wamekuja na debe la mahindi.

Mtaalamu wao ni binti anaitwa Odeta. Kasema barabara itapandishwa mpaka juu ili bomba la maji na gari la wagonjwa vifike, na sisi wananchi ndio tutakaochagua ipite wapi. Atakayebomolewa atapewa kiwanja kilichopimwa, Kiseke. Kiseke! Fisi wenyewe huenda huko kwa kuagana.

Nikasimama. Nimesoma vitabu vya miji ya Brazili na India, vyote mwaka niliopunguzwa kazi kiwandani Nyakato. Nikaeleza kwamba ushirikishwaji ni ubomoaji uliovaa tai. Dakika arobaini. Mwenyekiti wetu, Luhaga, akaniomba nikae. Nilikaa kwa kuwaheshimu wasikilizaji, waliobaki wanne.

Jumanne, 6 Septemba

Tumechora mtaa wetu chini, kwenye uwanja wa shule. Majivu ni njia, mawe ni mawe, punje moja ya mahindi ni nyumba moja. Kila mtu aweke ya kwake. Bilali seremala, jirani yangu na mpinzani wangu wa miaka kumi na mmoja, akaweka karanga. Eti ana karakana. Nikaondoa punje yangu, nikaweka gunzi. Odeta akaziokota zote mbili, akatugawia punje moja moja. Ya kwangu ilikuwa imetobolewa na dumuzi. Nimeandika malalamiko.

Kisha mshtuko. Jiwe kubwa la katikati ya mtaa linazungukwa kwa njia mbili tu. Kushoto, barabara inapita kwenye karakana ya Bilali. Kulia, inapita sebuleni kwangu. Kura ni Jumamosi.

Bilali ni Mzaramo, mimi Msukuma, kwa hiyo mila inamruhusu kunitukana hadharani. Na anaitumia. "Anza kufunga mizigo, mtani. Kiseke kuna ng'ombe wengi, utapata wa kubishana nao."

Nimeandika malalamiko ya pili.

Alhamisi, 8 Septemba

Mbinu imepatikana. Ramani ya mahindi, adui yake nani? Saa nne asubuhi nikamwachia tetea wa Getruda, mke wangu, pembeni ya uwanja, kwa bahati mbaya ya makusudi. Ale, ramani ianze upya, safari hii chini ya usimamizi wangu.

Alikula kanisa. Akala zahanati ambayo haijajengwa. Akala nyumba ya Luhaga na choo chake. Akafika kwangu, akainusa punje ile ya dumuzi, akaiacha.

Kuku ametaifishwa. Kamati ya mtaa imemla mchana kwa ugali, nimepewa shingo. Mahindi yamebadilishwa kuwa kokoto. Watu wakaanza kunitazama, basi nikasimama kujisafisha, nikatoa hoja nzito: atakayeigusa tena ramani hii apoteze haki yake ya kiwanja. Imepita kwa kauli moja. Aliyepiga makofi kuliko wote ni Bilali. Hatimaye ananiheshimu.

Getruda hasemi nami.

Ijumaa, 9 Septemba

Odeta kaeleza kwamba orodha ya kuhama itasomwa kwenye ramani. Kokoto iliyolala juu ya majivu ya barabara itakayochaguliwa, mwenyewe anaandikwa. Nimewaza asubuhi yote. Vitabu vyangu vinakubaliana kwa jambo moja: serikali haioni mji, inaona ramani. Hakuna kokoto, hakuna wa kuandikwa!

Saa saba mchana. Bilali msikitini, mlinzi wa shule anakula. Nimeisogeza kokoto yangu hatua moja kuelekea juu, nyuma ya kokoto ya Luhaga. Kwenye ramani sasa naishi jirani na uongozi. Nimepika chai mwenyewe, nimekunywa vikombe vitatu.

Jumamosi, 10 Septemba

Nimeshtuka kuliko Jumatatu.

Odeta alisoma ramani mbele ya mtaa mzima. Kushoto, karakana ya Bilali. Kulia, akainama, akatazama, akasema hapa hakuna mtu. Mahali patupu! Basi barabara ipite patupu, nani ana neno?

Neno nilikuwa nalo. Lakini kusema nyumba ipo ni kusema nani kaihamisha, na hoja ya adhabu ilikuwa kwenye kumbukumbu za kikao, kwa jina langu kamili. Nikainama kufunga kamba ya kiatu.

Bilali akakohoa. "Mtani Shigela, umehamia lini kwa mwenyekiti? Ungetuita tukusaidie kubeba kabati."

Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Ndipo Getruda akainuka. Sijapata kumsikia akisema mkutanoni. "Nyumba ipo palepale," akasema. "Asubuhi nimekoroga uji ndani yake."

Odeta akapanda, akaiona, akarudi amekunja uso. Kura ikapigwa, kwa haki, nyumba dhidi ya karakana. Ishirini na moja kushoto, ishirini na moja kulia. Luhaga akauliza nani bado. Bado mmoja. Getruda.

Akanyoosha mkono kulia.

Mke wangu! Kwa nyumba yetu! Akanigeukia, taratibu kabisa. "Baba Precious, miaka kumi na mitatu napanda mawe haya na ndoo kichwani. Wewe ulikuwa ndani, unasoma. Mimi nataka tambarare."

Luhaga akaandika ishirini na mbili.

Kwa mujibu wa hoja yangu mwenyewe, mimi sina haki ya kiwanja. Kimeandikwa jina la Getruda peke yake. Odeta alimpa kalamu, akaandika bila haraka, herufi kubwa.

Jumanne, 13 Septemba

Bilali kaja na nyundo bila kuitwa. Kang'oa milango na madirisha yetu asivunje hata kioo kimoja, akakataa ujira. Akasema karakana ile aliijenga marehemu baba yake, na wiki nzima hakulala. Nimemwambia bawaba moja imepinda.

Jumapili, 18 Septemba

Tuko Kiseke. Nimeshtuka: ni tambarare kweli. Getruda anapima kwa hatua mahali jiko litakapokaa, anaimba. Sijamsikia akiimba tangu Precious azaliwe.

Kiwanja kina bikoni nne, vinguzo vya zege kila pembe kuonyesha mpaka. Nimezikagua zote, maana lazima mtu msomi akague. Ile ya kaskazini haikuzikwa vizuri. Ukiisukuma kwa mguu, inacheza. Na hatua tatu tu ng'ambo yake kuna mwembe mzuri wa kusomea chini yake, kwenye kiwanja cha mtu ambaye bado hajahamia.

Mpaka, ukifikiri vizuri, ni makubaliano tu. Na wa kukubaliana naye hayupo.

Sururu nimeshaazima.